Fundi Aliyezidisha Buluu

Ukimpigia simu Fundi ukamwambia mashine imeharibika, alikuwa anakata. Si kwa hasira. Anakata tu, kisha anasubiri upige tena. Ilinichukua mara tatu kuelewa kwamba kwake neno "imeharibika" halikuwa habari. Mara ya nne nikamwambia, "Shikamoo Fundi. Picha inapanda juu kama kuna mtu anaivuta, haitulii, na imeanza leo asubuhi baada ya umeme kurudi."

"Marahaba, mwanangu. Sasa umesema. Inapanda taratibu au mbio?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza kujuana, na kwa miaka mingi mazungumzo yetu yalikuwa ya namna hiyo: mie nikieleza ninachokiona, yeye akitaka nieleze vizuri zaidi.

Mashine zangu ni tatu. Ni zile za gemu za kusimama, kabati refu la mbao lenye kioo kinene ndani, usukani au joistiki mbele, na tundu la sarafu ambalo nililiziba zamani. Nilizipata kwenye hoteli moja Msasani walipokuwa wanaubomoa ukumbi wao wa michezo, nikazipanga kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu, Temeke. Moja ya magari, moja ya ngumi, moja ya ndege. Ndugu zangu waliona nimechanganyikiwa, maana siku hizi kila mtu ana gemu mfukoni. Lakini wateja wangu ni watu wazima: mafundi gereji, wauza mitumba, madereva, mwalimu mmoja mstaafu. Wanachofuata kwangu ni kusimama bega kwa bega na kutaniana hadi machozi. Simu haikupi mtu wa kumsukuma.

Shida ilikuwa vioo. Ni tyubu, kama za zile televisheni nene zenye mgongo, na mafundi wengi wa mtaani walishaachana nazo. Kila niliyemuuliza alinielekeza Kinondoni, kwa mzee mmoja.

Alikuja kwa bajaji, amekaa wima, amekumbatia kioo kikubwa cha kujitazamia kilichofungwa kwenye khanga. Nikadhani amekosea nyumba, labda anapeleka vyombo vya harusi. Akaingia, akakiegemeza kile kioo kwenye kiti, kikatazamana na mashine, kisha akazunguka nyuma na kufungua mlango wa kabati. Hapo ndipo nikaelewa. Virekebishio vyote viko mgongoni na picha iko mbele. Wenzake walikuwa wakizungusha kidogo, wanakimbia mbele kutazama, wanarudi nyuma, jasho linawatoka. Yeye alikaa palepale nyuma, anazungusha huku anaitazama picha kwenye kioo cha mkewe.

Kwa maana kioo kilikuwa cha mkewe, kimeng'olewa kwenye meza yake ya kujipambia. Baadaye, nilipozoea kwenda kwao, mama yule aliniambia, "Mie najipaka wanja kwa kukisia. Nikikosea, naambiwa na majirani." Alisema akicheka, lakini ile meza ya kujipambia nimeiona: fremu tupu katikati, na ukuta nyuma yake.

Alikuwa na desturi ya kufanya kazi kwa mkono mmoja. Wa kushoto ukikaa mfukoni muda wote mashine ikiwa imefunguliwa, ili umeme ukimrukia usipite kifuani kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Desturi ile ilimkaa mwilini hadi ikavuka mipaka. Alisalimia watu mkono mfukoni, alinunua samaki mkono mfukoni. Nimeiona picha ya harusi ya binti yake: mabwana wote mikono mbele kwa adabu, yeye wa kushoto uko ndani ya kanzu, kama mtu anayetafuta funguo.

Nikitaka kumweleza mtu ufundi wake, nasimulia habari ya mstari. Siku moja mashine ya ngumi ilijikunja. Picha yote ikawa mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, mwembamba kama uzi, na sauti za mapigano zinaendelea kama kawaida. Nilikuwa na hofu, maana Jumapili ile watu wa Kinondoni walikuwa wanakuja kupambana na wa Temeke, na tambo zilikuwa zimeshatembea mitaani. Fundi alipofika, kitu cha kwanza alichofanya ni kupunguza mwanga mpaka ule mstari ukabaki kivuli.

"Ukiuacha unawaka hivyo unaunguza kioo," akasema. "Kovu lake haliondoki. Halafu tutulie. Kioo kinawaka, kwa hiyo tyubu nzima. Mstari umelala na umeenea pande zote mbili, kwa hiyo wa kuvuta kushoto na kulia yuko kazini. Asiyefanya kazi ni wa kuvuta juu na chini. Huyo tu ndiye tunayemtafuta."

Akaomba mwiko. Akashika upande wa bapa, akaanza kugonga bodi kwa ncha ya mpini, taratibu, hapa na pale, macho kwenye kioo cha mkewe. Alipogusa kona moja picha ikafunguka ghafla, mabondia wawili wakasimama wazima, kisha ikajifunga tena. Akanionyesha: lehemu iliyoshika mguu mmoja wa kifaa ilikuwa na ufa wa duara, mwembamba kuliko unywele. Akaiyeyusha, akaweka mpya, kwisha. Jumapili watu wa Kinondoni walikuja, wakafungwa, na Fundi, ambaye ni wa Kinondoni, akaambiwa mtaani kwake kuwa ni msaliti. Hilo lilimfurahisha mwezi mzima.

Ukimwambia dalili alikuwa mpole kuliko wakunga. Ukimwambia jibu, unamkosa. Jamaa mmoja mteja wangu, aliyekuwa amejifunza mambo mtandaoni, alimpokea mlangoni na kusema, "Mzee, hiyo ni kapasita tu." Fundi akaufunga mkoba wake. "Basi umeshapona," akamjibu, akarudi kwenye bajaji. Nilimbembeleza hadi barabarani. Na kilichoniudhi ni kwamba alipokubali kurudi, ikawa kweli ni kapasita. Ilikuwa imevimba kichwa, kila mtu anaiona. Hakumtazama yule jamaa usoni hata mara moja.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alitumia maisha yake kurekebisha picha na nyumbani hakuwa na televisheni. Mkewe alikwenda kuangalia tamthilia kwa jirani. Magemu aliyaita upuuzi mtupu, lakini akimaliza kazi alikaa dakika kumi akiangalia lile onyesho la mwanzo linalojirudia, lile la kuwavutia wachezaji, na alijua kila gari linatokea upande gani. Alikuwa mtu wa swala tano, na hakuna kitu kilichomkera kama kuhusishwa na uganga. Bahati mbaya, siku moja alihusishwa nao kwangu.

Nilikuwa nimenunua spika kubwa ya singeli, nikaiweka ubavuni mwa mashine ya ndege. Kona moja ya kioo ikageuka zambarau. Nikampigia, nikaeleza dalili kwa ufasaha, lakini spika sikuitaja, kwa sababu sikujua ni dalili. Akatoka Kinondoni na kioo chake. Alipoingia tu akasema, "Hamisha spika." Kumbe sumaku ya spika inavuta rangi. Tukaihamisha, doa likapungua lakini halikwisha. Ndipo akatoa mkobani koili kubwa la waya alilolisokota mwenyewe, duara kama ungo, akalichomeka kwenye umeme likaanza kuunguruma. Akawa analizungusha mbele ya kioo, polepole, huku anarudi nyuma hatua kwa hatua. Rangi zikachemka kioo kizima, zambarau, kijani, waridi, kisha zikatulia safi kabisa. Mlangoni alikuwa amesimama mama muuza maandazi. Akavuta ushungi wake na kuondoka bila hata kunidai sahani. Jioni mtaa mzima ukajua namleta mganga na ungo unaounguruma. Fundi aliposikia alitaka kwenda nyumba hadi nyumba kueleza habari za sumaku. Nilimzuia.

Dereva wa bajaji aliyekuwa akimleta, kijana wa Segerea mwenye domo, ndiye bingwa wa mashine yangu ya magari. Na ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika.

"Sista, hii ishu ya rangi vipi?" aliniambia. "Barabara imekuwa bahari. Mie naendesha gari au boti?"

Nikatazama. Kweli, picha ilikuwa na ubuluu. Wingu buluu, lami buluu, hata msichana anayepeperusha bendera mwishoni mwa mbio alikuwa kama ametolewa kwenye friji. Fundi alikuwa ameirekebisha wiki iliyotangulia. Nilikuwepo. Aliniuliza kama kawaida yake, "Nyeupe ni nyeupe?" nami nikajibu "Ndiyo, Fundi," kama mwanafunzi anayejibu mwalimu, bila kutazama sawasawa.

Nilijiambia tyubu imezeeka. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha namna ya kutafuta kosa. "Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja," alikuwa akisema. "Hamisha kimoja. Kosa likihama nacho, umelikamata. Likibaki pale, kiombe radhi kitu hicho, umekisingizia." Maneno yale hayakunipa usingizi mzuri. Nikamwita aje kutazama mashine ya ngumi, nikadai imefifia. Ulikuwa uongo. Haikuwa na lolote. Nyeupe yake ilikuwa nyeupe kama kanzu ya Ijumaa. Alikuja, akazungusha skrubu zake tatu za rangi, akatazama kioo, akazungusha tena ile ya buluu, akaniuliza, nikajibu ndiyo. Alipoondoka nikasimama mbele ya mashine. Mabondia walikuwa buluu. Mashine ya ndege, ambayo hakuigusa, ilikuwa sawa.

Nilikaa kwenye kiti alichokuwa ameegemezea kioo. Mashine mbili tofauti, tyubu mbili tofauti, na kitu kilichozigusa zote mbili kilikuwa kimoja.

Nilipaswa kusema siku hiyohiyo. Sikusema. Utamwambiaje mzee kama yule, ambaye watu wanamfuata kwa ajili ya jicho lake, kwamba jicho ndilo lenye kosa? Nikawa naizungusha buluu ya mashine ya magari mwenyewe akishaondoka, ile ya ngumi nikaiacha alivyoiweka, na nikamwomba dereva afunge mdomo, jambo ambalo kwake lilikuwa mateso.

Kisha mashine ya ndege ikazimika kioo. Alikuja asubuhi moja yenye jua kali. Kabla ya kushika tyubu lazima uitoe umeme uliobaki ndani, maana hukaa hata mashine ikiwa imezimwa. Yeye alitumia bisibisi bapa iliyofungwa waya, akiiingiza chini ya kikombe cha raba kilicho juu ya tyubu hadi isikike "tak." Siku hiyo niliona kwa macho yangu: bisibisi ilipita pembeni ya kile kikombe, ikagusa kioo kitupu. "Tak" haikusikika. Nje kuna pikipiki inapiga honi, na yeye akadhani imemezwa na kelele. Akapeleka mkono.

Umeme ulimrusha nyuma. Alikaa chini kwa kishindo, kofia ikaruka, mguu wake ukapiga kiti na kioo cha mkewe kikaanguka na kupasuka vipande. Mkono wa kushoto bado uko mfukoni.

"Sijambo," akasema. "Sijambo, sijambo."

Nilipiga magoti kando yake. Na maneno yakanitoka bila adabu yoyote. "Fundi, huoni."

"Nani haoni?"

"Wewe, Fundi. Kikombe hukukiona. Rangi nazo huzioni. Mashine zangu mbili umeziweka buluu, na mie nimekuwa nikikudanganya."

Akanyanyuka, akaokota kofia, akakusanya vifaa kimoja kimoja. Dereva alimsaidia kupanda, na kwa mara ya kwanza bajaji ile iliondoka bila soga.

Wiki tano hakupokea simu yangu, hata nilipoeleza dalili. Ya sita nikabeba kioo kipya, nikaenda Kinondoni. Fundi hakuwepo. Mkewe alinikaribisha, akakipokea kioo, akajitazama kwa muda mrefu, akagusa shavu.

"Mwenzio nilijua siku nyingi," akasema. "Anavaa soksi rangi mbili. Chai anamimina nje ya kikombe, halafu ananilaumu nimesogeza meza. Nikimgusia hospitali anasema atakwenda baada ya mfungo. Mifungo mitatu imepita."

"Sasa tufanyeje, mama?"

"Sie hatuwezi kufanya kitu. Huyo haambiwi jibu. Lakini tangu atoke kwako hali chakula vizuri, anawaza. Mwache awaze."

Siku nne baadaye Fundi alikuja mwenyewe, bila kuitwa, bila mkoba. Akakaa mbele ya mashine ya ndege, upande wa wachezaji. Nilikuwa sijawahi kumwona akikaa upande ule.

"Eleza ulichofanya," akasema. "Mwanzo hadi mwisho. Usiruke."

Nikaeleza. Mashine ya magari, kisha uongo wangu wa mashine ya ngumi, kisha ile ambayo hakuigusa. Nilipofika kwenye uongo akanyoosha kidole kuniambia niendelee. Nilipomaliza akasema, "Washa ile ya ngumi. Weka lile pazia jeupe la majaribio."

Kioo kikajaa weupe, au tuseme weupe wa kwake, maana tangu airekebishe sikuwa nimethubutu kuigusa. Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama. Akafunika la kulia, akatazama. Akarudia. Mara ya tatu alikaa na jicho la kushoto peke yake.

"Hili la kulia linaniambia shuka safi," akasema. "La kushoto linaniambia chai ya maziwa, bado linadai buluu. Kioo ni kilekile." Akashusha mkono. "Kosa limehama na jicho, mwanangu. Kazi yako haina dosari."

Nikamwomba radhi kwa uongo. Akasema uongo ule ulikuwa kipimo, na kipimo hakiombewi radhi. Ila zile "ndiyo, Fundi" zangu zote, hizo ndizo zilizomuudhi, na hizo niziombee. Nikaziombea. Akacheka, kwanza kidogo, kisha sana, kwa kuwa dereva alikuwa amechungulia dirishani akauliza kama sasa anaruhusiwa kuongea.

Hospitali nilimsindikiza na mkewe. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kushoto limekomaa zaidi. Daktari alikuwa binti mdogo, akamuuliza, "Mzee, macho yanasumbua?" Fundi akamtazama kwa huruma, kisha akampa dalili kwa mpangilio: lini, upande gani, juani vipi, kivulini vipi, taa inatoa miale mingapi, rangi ipi imekwenda ya kwanza. Binti aliacha kalamu. Alisema hajawahi kupata mgonjwa anayejieleza hivyo. Ila siku ya kupasuliwa, ujasiri wote ulikwisha. Aliulizia mara nne kama umeme wa chumba kile una akiba, na akamwambia nesi, kwa dhati kabisa, aweke mkono mmoja mfukoni.

Baada ya jicho la pili walikwenda kupumzika Madale kwa binti yao, na sikumwona karibu miezi miwili.

Alikuja Jumamosi, ameshikana mkono na mkewe, miwani myeusi usoni. Wateja walikuwa wamejaa, wanapiga kelele. Mkewe alinong'ona kwamba tangu wapande bajaji kule Madale, mumewe anamtajia rangi kila wanapopita, ya kuta, ya khanga, ya ndoo madukani, kama mtoto wa chekechea. "Amenambia hili gauni ni la zambarau," akasema. "Nikamwambia ahsante, nimelivaa tangu mwaka juzi."

Wateja wakampisha Fundi njia hadi kwenye mashine. Dereva alikuwa ameshaufungua mlango wa nyuma na kusimama pembeni kama askari wa gwaride. Fundi akavua miwani. Lakini hakwenda nyuma ya mashine, na hakutazama picha. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mwanangu," akasema, "mbona una mvi?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, nikajishika kichwa. "Fundi, hizi zina miaka minne sasa."

Yeye hakucheka. Alisimama akihesabu kitu kimoyomoyo. "Miaka minne," akasema. "Nimekuwa nikija humu miaka minne, nazungumza nawe, nala chakula chako, nami sikuoni."

Dereva akakohoa. Akamkumbusha kwa heshima kwamba mashine ya magari picha inacheza upande wa kulia, na kwamba yeye binafsi anaumia.

"Isubiri," akasema Fundi. Akavuta kiti hadi karibu na dirisha, akakifuta kwa kiganja, akanionyesha nikae. Kisha akavuta cha pili, akakaa kunitazama. "Kaa hapo mwangani."